Mnyororo wa Injini, na Jinsi ya Kuagiza Vipuri Vyake

Motokaa ya Toyota Probox yajulikana sana katika Makueni. Huchukua abiria, magunia ya ndengu na maembe, nayo ni riziki ya nyumba nyingi. Injini yake ikiharibika Kathonzweni, mara nyingi hukaa wazi chini ya mti juma zima. Wala si kwamba fundi hajui kazi, bali kipuri kilicholetwa kutoka Nairobi si chake.

Leo twaeleza habari za kipuri kimoja tu, yaani ule mnyororo ambao mafundi huuita taimingi cheni. Umefichwa nyuma ya kifuniko cha upande mmoja wa injini. Kazi yake ni kuunga kranki iliyo chini na kamshafti zilizo juu, zifunguazo vali, ili kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti zizunguke mara moja. Ukilegea hata ukaruka meno, pistoni zaweza kugonga vali na kuzipinda, na hapo gharama huwa nyingine kabisa.

Watu husema kwamba mnyororo umevutika. Kwa kweli chuma hakivutiki. Ni vipini vidogo viungavyo pete zake vilivyolika, kila kimoja kidogo sana, na upungufu wote ukijumlishwa mnyororo huwa mrefu. Sababu kubwa ni kuchelewa kubadilisha oili. Dalili yake ni mlio wa kukwaruza asubuhi, injini ikiwashwa ingali baridi, kisha hunyamaza oili ikipanda. Mwenye kuusikia asingoje.

Yafaa kuuliza kwanza katika maduka ya Wote. Lakini safari nyingi huishia Nairobi katika Kirinyaga Road, ambayo watu wengi wangali wakiiita Grogan, jina lake la zamani. Huko maduka ya spea ni mengi hata mgeni huchanganyikiwa. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu na mzigo ukaletwa na matatu, na hapo ndipo kosa huzaliwa, kwa kuwa muuzaji hakuiona motokaa. Ameambiwa tu, "Nitumie cheni ya Probox."

Jina hilo halitoshi. Probox zilianza kutengenezwa mwaka 2002, nazo zimekuwa na injini mbalimbali. Ile ya petroli ya ukubwa wa 1500 ni 1NZ. Ile ya 1300 ilikuwa 2NZ, na tangu mwaka 2014 ikawa 1NR. Mnyororo wa 1NR haufai kwa 1NZ. Basi mpelekee muuzaji namba ya injini iliyopigwa katika chuma chenyewe, pamoja na namba ya chasisi. Usitegemee kitabu cha gari peke yake, maana huenda injini imekwisha kubadilishwa. Kwa bahati njema 1NZ imo pia katika Fielder na Vitz kadha wa kadha, hivyo vipuri vyake si adimu.

Tena usiagize mnyororo peke yake. Kile chuma kiukazacho kwa nguvu ya oili, na reli mbili ziuongozazo, huchakaa pamoja nao. Ongeza sili ya mbele ya kranki na gundi ya kuzibia kifuniko. Magurudumu ya meno ni shauri jingine: ni ghali, na fundi hawezi kuyahukumu kabla ya kufungua. Patana na muuzaji mapema kwamba yasipohitajika yatarudishwa, na mapatano hayo yaandikwe katika risiti. Boksi lenye jina kubwa lisikudanganye. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 yakataza bidhaa bandia, lakini hukumu ya korti haitakunyoshea vali.

Mzigo ukifika, fundi aulaze mnyororo mpya kando ya ule wa zamani, ahesabu pete. Hesabu ikiwa sawa, na mpya ukaonekana mfupi kidogo, huo si ubovu. Ule wa zamani ndio uliorefuka. Akiisha kuufunga, aizungushe kranki kwa spana mizunguko miwili kamili kabla ya kuwasha, na ikikwama asiilazimishe. Alama za magurudumu zitarudi mahali pake. Zile pete zenye rangi hazitarudi, maana huchukua mizunguko mingi kukutana tena na alama, wala hilo lisimfanye afungue upya.