Mlinzi wa chembe anayejipangia mpaka

JE, nani humlinda mlinzi? Swali hili wataalamu wa kansa wamekuwa wakilijibu tangu mwaka wa 1979, ilipogunduliwa protini iitwayo p53, ambayo jeni yake imo katika kromosomu ya 17.

Kazi yake ni ulinzi. Jeni za chembe zinapoharibiwa, tuseme na miale ya jua au moshi wa sigara, p53 huizuia chembe hiyo isigawanyike hadi irekebishwe. Ikiwa imeharibika kupita kiasi, huiamuru ijiue, isije ikazaa uvimbe.

Lakini mlinzi mkali kupita kiasi huweza kuwadhuru hata wenye nyumba. Kwa hivyo p53 yenyewe huiwasha jeni nyingine, MDM2, ambayo protini yake huishika p53, kuitia alama na kuipeleka ikasagwe. P53 ikiongezeka, MDM2 huongezeka. P53 ikipungua, MDM2 nayo hupungua. Ni kama tangi la maji: maji yakipanda, boya hupanda nayo na kufunga mfereji.

Hatari inapotokea, p53 hubadilishwa kidogo ili MDM2 isiweze kuishika vizuri. Hapo hujaa na kuanza kazi. Hatari ikipita, mambo hurudi kama kawaida.

Mwaka wa 1995 ilibainika kwamba panya wasio na MDM2 hufa kabla ya kuzaliwa. Walipoondolewa p53 pia, walizaliwa salama. Hata hivyo, panya wasio na p53 hupata uvimbe mapema. Uhai wataka vyote viwili.

Katika karibu nusu ya kansa za binadamu, jeni ya p53 huwa imeharibika. Aflatoksini, sumu ya kuvu ya mahindi yasiyokauka vyema, huweza kuiharibu jeni hiyo katika ini. Sumu iyo hiyo, ikiliwa kwa wingi, huua upesi: mwaka wa 2004 iliwaua watu 125 katika Mkoa wa Mashariki nchini Kenya. Navyo virusi vya papiloma, viletavyo kansa ya mlango wa kizazi, huiteketeza p53 yenyewe.

Basi mzazi, mahindi yenye kuvu usiyapike, hata ukiyaosha. Na binti yako akifika umri wa miaka 10, mpeleke akapate chanjo ya virusi hivyo, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka wa 2019. Mlinzi huyu naye ahitaji kulindwa.