Maganda ya Risasi: Kwa Nini Siokoti Kila Linaloanguka



Mtoto wa dada yangu alikuja kutoka Maskati kunitembelea hapa Uingereza, nikamchukua Bisley, kwenye viwanja vya shabaha vilivyoko Surrey tangu mwaka 1890. Baadhi yenu mnalijua jina hilo, maana wanajeshi wa Oman nao hufika pale kushindana. Kijana akaniona nainama kuokota maganda matupu, nasoma maandishi ya kitakoni, mengine natia mfukoni na mengine natupa. Akauliza, "Mjomba, si yote sawa?"

Swali hilo mimi lilinigharimu msimu mzima wa kuisingizia bunduki yangu.

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki inayowasha, baruti, na kichwa kinachoruka. Ganda peke yake ndilo linalobaki, na ukiwa na leseni na vifaa unaweza kulijaza tena. Wapiga shabaha wengi hujaza wenyewe ili wapate risasi zinazofanana.

Mimi nilikuwa napima baruti kwa uangalifu mkubwa, lakini maganda nilichanganya: ya dukani, ya kijeshi, na ya kupewa na marafiki. Kwa yadi 100 sikuona tatizo. Kwa yadi 1,000 risasi zilitawanyika juu na chini. Mzee mmoja wa klabu hakuigusa hata bunduki. Aliomba maganda yangu, akayaweka kwenye mizani moja moja.

Chukua ganda la .308 Winchester, ninalotumia mimi. Kwa nje yote yanakaribiana, kwa sababu lazima yaingie kwenye chemba ile ile. Tofauti imo ndani. Jepesi lina uzito wa gramu 10 hivi. La kijeshi, lenye kuta nene, hukaribia 12. Gramu moja ya ziada ya shaba ya manjano hula nafasi ya takriban asilimia 3 ndani ya ganda. Baruti ni ile ile, chumba kimepungua, basi shinikizo linapanda na kasi inaongezeka. Kasi ikitofautiana kwa asilimia 1 tu, kwa yadi 1,000 risasi mbili zinaweza kupishana kwa sentimita 20 hivi, moja juu, moja chini.

Jambo la pili ni shingo, pale ganda linapokishika kichwa. Ikiwa upande mmoja ni mnene kuliko wa pili, kichwa hukaa upande. Tena, kila ganda likipigwa na kurudishwa umbo lake, shaba huwa ngumu, na mshiko wake hubadilika. Kwa hiyo ganda lililopigwa mara moja usilichanganye na lililopigwa mara sita. Wako wanaolainisha shingo kwa moto, lakini kitako hakitiwi moto kamwe. Kikilainika hakiwezi kuhimili shinikizo.

Siku hizi nanunua maganda 100 ya kiwanda kimoja na ya toleo moja. Nayapima, yanayopotoka sana kwa uzito nayaweka kando kwa mazoezi ya karibu. Kila kisanduku nakiandika yamepigwa mara ngapi. Likionyesha ufa shingoni, au mstari unaong'aa karibu na kitako, safari yake imekwisha. Maganda ya bei kubwa aghalabu hufanana zaidi, lakini ya bei nafuu ya toleo moja yatayashinda ya ghali yaliyochanganywa.

Hapa pana hatari pia, si shabaha tu. Kipimo cha baruti kilicho salama katika ganda jepesi kinaweza kupita kiasi katika ganda nene, kikavunja bunduki na kumjeruhi mwenyewe. Ukibadilisha ganda, rudi kwenye kipimo cha chini cha kitabu, uanze upya. Na kila nchi ina sheria zake: bila kibali na bila mwalimu, usijaribu.

Jioni ile kijana aliinama mwenyewe, akaokota ganda moja, akaligeuza na kusoma kitako chake. "Hili si letu, Mjomba," akasema, akalitia kwenye ndoo ya chakavu.