Majitu ya Anga na Taarifa ya Pili

Askari anayelinda usiku katika bonde la Kilembe huona kipande tu cha anga, kwa kuwa milima ya Rwenzori imelibana bonde hilo. Lakini akiteremshwa kwenye tambarare ya Kasese, na hasa akipangwa doria karibu na Kikorongo, pale barabara iendayo Mbarara inapoukata mstari wa Ikweta, anga humfungukia lote. Mtu aliyesimama juu ya Ikweta ana bahati ambayo wenzake wa Ulaya na wa Afrika ya Kusini hawana: nyota za kaskazini na nyota za kusini, zote humpitia kwa zamu katika mwaka mmoja.

Mwezi wa Novemba, yapata saa tatu usiku, kama hakuna mawingu wala mbalamwezi, mwenye macho makali ataona upande wa kaskazini doa hafifu mfano wa moshi. Hiyo ndiyo galaksi ya Andromeda, mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, na nuru inayoingia jichoni mwake iliondoka huko miaka milioni 2.5 hivi iliyopita. Andromeda ni miongoni mwa galaksi za mikono: ni bapa kama sahani, na nyota zake angavu zimejipanga katika mikono iliyojipinda kuzunguka kitovu. Njia Nyeupe, galaksi ambamo Jua na Dunia vimo, ina umbo la namna hiyo hiyo.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba galaksi za mikono zina kikomo cha ukubwa. Zile kubwa kupita zote zilijulikana kuwa na umbo la yai, zimeishiwa na gesi baridi ya kuundia nyota, na nyota zake ni wazee watupu. Mwaka 2016 Mmarekani Patrick Ogle na wenzake walitangaza jambo lililoitikisa imani hiyo. Walikuwa wamepekua kumbukumbu za galaksi zipatazo 800,000, wakitafuta zile zenye mwanga mkubwa kuliko zote, na walitazamia kukuta mayai matupu. Badala yake wakakuta miongoni mwao galaksi za mikono 53, zenye mwanga mara 8 hadi 14 ya ule wa Njia Nyeupe, na bado zilikuwa zikizaa nyota. Upana wa iliyo kubwa zaidi ni kiasi cha miaka ya nuru 440,000, hali Njia Nyeupe inakadiriwa kuwa na 100,000 hivi. Yafaa isemwe hapa kwamba majitu hayo hayakuwa yamefichwa na mtu. Yalikuwa yameandikwa katika majalada, yakingoja msomaji. Askari wa upelelezi wanaijua vizuri hali hiyo.

Swali lililofuata lilikuwa la uzito. Galaksi haipandishwi kwenye mizani. Hupimwa kwa mwendo wake. Askari wa trafiki mwenye chombo cha kupimia mwendo hutuma mawimbi ya redio kwenye gari, na yanaporudi, mabadiliko yake humwambia gari lilikuwa na kasi gani. Kwa kanuni hiyo hiyo, nuru ya upande wa galaksi unaosogea huelekea rangi ya buluu, na ya upande unaokimbia huelekea nyekundu. Kasi ikijulikana, uzito nao hukadiriwa, kwa maana jiwe likizungushwa kwa kombeo kwa nguvu zaidi, kamba haina budi kuwa imara zaidi, la sivyo litachomoka.

Katika miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford wa Marekani walionyesha kwamba sehemu za nje za Andromeda, na baadaye za galaksi nyingine, zinakwenda kasi kuliko nyota zinazoonekana zinavyoweza kuzishikilia. Ndipo wataalamu wengi wakakubali kwamba kuna maada ya giza isiyoonekana, iliyo nyingi kuliko ile inayong'aa. Watu wa Kilembe hawatashangazwa na habari ya mlima wenye uzito uliofichika. Shaba yao haikujulikana kwa kuutazama mlima kutoka mbali. Tofauti ni kwamba shaba ya Kilembe ilishikwa mkononi na kusafirishwa kwa reli kuanzia miaka ya 1950, na maada ya giza haijashikwa na mtu yeyote.

Mwaka 2019 Ogle na wenzake walitoa vipimo vya galaksi kubwa za mikono 23, vingi vikiwa vimechukuliwa kwa darubini kubwa iliyoko Sutherland, Afrika ya Kusini, ambayo kioo chake kimeunganishwa kwa vipande 91. Iliyokuwa na kasi kuliko zote ilifikia kilomita 570 kwa sekunde, kasi ambayo ingemtoa mtu Kampala hadi kuipita Kasese kabla hajapepesa jicho mara mbili. Njia Nyeupe huzunguka kwa kilomita 220 hivi kwa sekunde. Ikatangazwa kwamba majitu haya yanavunja kanuni inayofunganisha kasi ya galaksi na wingi wa nyota na gesi yake.

Taarifa hiyo ilienea upesi. Lakini mwaka 2021 Enrico Di Teodoro na wenzake walipima upya mzunguko wa galaksi kubwa 43 kwa njia ya uangalifu zaidi, na Ogle mwenyewe alikuwa mmoja wao. Hawakuona kanuni yoyote iliyovunjika. Majitu hayo, walisema, ni galaksi za kawaida zilizokuzwa tu. Mtu aliyekubali jina lake liwekwe chini ya taarifa inayoirekebisha ile yake ya kwanza anastahili heshima, maana katika kazi nyingi jambo hilo ni nadra.

Zilibaki galaksi mbili, zile zenye kasi kupita zote, ambazo huenda haziifuati kanuni, na waandishi wa taarifa ya pili waliziandika hivyo hivyo, bila kuzificha.