Aljebra Bila Mwalimu: Ahadi Iliyodumu Miezi Sita

Januari 2013, Gavana Jerry Brown wa California na Sebastian Thrun, mwanzilishi wa kampuni ya Udacity, walitangaza mpango ambao wengi waliamini ungebadilisha elimu ya juu ya Marekani. Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Jose kingefundisha kozi tatu za hisabati kwa njia ya intaneti: hisabati ya msingi kwa walioingia chuo wakiwa dhaifu, aljebra na takwimu. Ada ingekuwa dola 150 kwa kozi, na atakayefaulu angehesabiwa sawa na aliyekaa darasani. Kufikia Julai mwaka huohuo, chuo kilikuwa kimeamua kuusimamisha mpango huo baada ya kozi za kiangazi.

Matumaini yale hayakutoka hewani. Mwaka 2011 Thrun na Peter Norvig waliweka mtandaoni somo lao la akili bandia la Chuo Kikuu cha Stanford, na watu wapatao 160,000 wakajiandikisha. Mwaka uliofuata yakazaliwa majukwaa ya kozi za mtandaoni Udacity, Coursera na edX. Thrun alifika hata kutabiri kwamba baada ya miaka 50 dunia ingebakiwa na taasisi 10 tu za elimu ya juu. Upande wa California, bajeti ya vyuo vya umma ilikuwa imekatwa tangu mtikisiko wa uchumi wa 2008, madarasa yalikuwa yamejaa, na wanafunzi wapya wengi walihitaji kurudia hesabu za sekondari kabla ya kuanza masomo ya chuo. Serikali ilitafuta nafuu, kampuni ikatafuta mahali pa kuonyesha uwezo wake, na hisabati ikaonekana somo linalofaa kuliko yote: jibu ama ni sahihi ama si sahihi, na kompyuta inaweza kulisahihisha usiku wa manane bila kulipwa posho.

Matokeo ya muhula wa kwanza yalikata maneno. Katika takwimu, waliofaulu walikuwa takriban nusu. Katika aljebra na hisabati ya msingi, walikuwa karibu robo. Wanafunzi waliosoma kozi hizohizo ana kwa ana chuoni hapo walikuwa wamefanya vizuri zaidi.

Haitoshi kulaumu teknolojia tu. Tuanze na nani aliyewekwa mbele ya skrini. Katika hisabati ya msingi, wanafunzi wa chuo walioandikishwa walikuwa wamekwishashindwa somo hilo mara moja darasani. Wengine walikuwa wa sekondari, wakiwemo wa shule moja ya Oakland ambako baadhi hawakuwa na kompyuta wala intaneti ya uhakika nyumbani. Kozi zenyewe ziliandaliwa kwa haraka, na uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa wanafunzi wengi hawakujua msaada uliokuwepo kwa ajili yao. Uchunguzi huohuo ulibaini kwamba juhudi ya mwanafunzi, hasa kukamilisha mazoezi, ilikuwa na uzito zaidi kuliko kigezo kingine chochote. Hapo ndipo penye kitendawili: mfumo ulidai nidhamu ya kujisomea kutoka kwa watu waliokosa hasa nidhamu hiyo.

Kiangazi kilipofika, mambo yalionekana kugeuka. Waliofaulu aljebra walizidi asilimia 70, na takwimu asilimia 80. Lakini walioandikishwa hawakuwa walewale. Wengi walikuwa na shahada tayari. Ushindi ule, ukiutazama vizuri, unathibitisha tatizo badala ya kulifuta. Anayejua kusoma peke yake hunufaika popote.

Sababu ya pili iko ndani ya somo lenyewe. Mwanafunzi akiandika kwamba (x + 3)² ni sawa na x² + 9, kompyuta humwambia amekosa na kumpa swali jingine. Mwalimu huangalia njia aliyopitia, akagundua kwamba kijana huyu anadhani kipeo kinagawiwa kila kilichomo ndani ya mabano, kisha akamrudisha kwenye kuzidisha mabano mawili hatua kwa hatua. Bila kusahihishwa hivyo, kosa hilohilo litamfuata hadi kwenye milinganyo na kalkulasi. Makosa ya hesabu yana chanzo, na chanzo hakionekani kwenye jibu la mwisho.

Ushahidi wa hayo ulikuwa chuoni hapohapo. Mwaka 2012 San Jose ilitumia video za chuo cha MIT kupitia edX katika somo la saketi za umeme. Wanafunzi walitazama mihadhara nyumbani, wakaja darasani kufanya maswali wakiwa na mwalimu. Kiwango cha kufaulu kilipanda kutoka karibu asilimia 60 hadi 91. Video hazikumwondoa mwalimu. Zilimpunguzia mhadhara ili apate muda wa kusahihisha fikra.

Novemba 2013 Thrun mwenyewe alikiri hadharani kwamba bidhaa yake haikuwa nzuri kwa wanafunzi kama wale wa kozi za hisabati za San Jose. Udacity ikahamia mafunzo ya kazi kwa watu walioajiriwa, na mwaka 2024 ikanunuliwa na kampuni ya Accenture. edX iliuzwa kwa kampuni ya 2U mwaka 2021 kwa dola milioni 800. Miaka mitatu baadaye 2U ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Kozi za mtandaoni hazikufa. Kilichoachwa ni dai la kumbeba mwanafunzi dhaifu wa hisabati kwa bei ya chini.

Rahisi ghali. Mwanafunzi aliyelipa dola 150 akafeli alilazimika kurudia somo, akiwa amepoteza muhula. Serikali na vyuo vinavyotaka kuhamishia aljebra mtandaoni, kokote viliko, vina swali moja la kujibu kabla ya kununua programu: nani atasoma daftari la mwanafunzi aliyekosea? Kama hakuna jibu, fedha hizo ziajiri walimu.