Konti yangu ilifungwa wiki sita: mambo ambayo ningependa kuambiwa mapema

Leo siandiki juu ya kutafuta kazi. Naandika juu ya jambo lililonipata hapa Likasi mwaka 2023, na nililificha muda mrefu sababu lilinipa haya. Sasa naona linawafikia vijana wengine, nikasema bora nieleze wazi.

Ilikuwa Ijumaa, mwisho wa mwezi. Nilienda banki kutoa feza. Kwenye konti kulikuwa dola 180 za mshahara wangu wa ualimu, na dola 600 za likelemba. Tulikuwa watu kumi na wawili, kila mmoja anachanga dola 50 kwa mwezi. Mie njo nilikuwa mtunza feza, sababu nilikuwa na konti na nilikuwa na diplome, basi wote waliniamini. Mwezi ule zamu ilikuwa ya mama mmoja anayeuza unga soko la Kikula. Alikuwa amekwisha kuagiza magunia yake, Jumatatu asubuhi alipaswa kulipa.

Kijana wa gisheti aliangalia mashine, akaangalia karte yangu, akaangalia mashine tena.

"Papa, konti yako iko bloke."

"Bloke namna gani? Juu ya nini?"

"Sijue miye. Muende kuona shefu."

Shefu wa ajanse alinikalisha vizuri, akasema kwa sauti ya chini: kuna operesheni zenye mashaka, wanachunguza, hawezi kusema zaidi. Nilimuuliza itachukua siku ngapi. Akasema hajui. Nikatoka nje na franka za moto peke yake mfukoni.

Sasa niseme ile ambayo sikumwambia mtu siku hiyo. Mle kwenye konti kulikuwa pia dola 1 750 ambazo hazikuwa zangu wala za likelemba. Kamarade mmoja tuliyesoma naye alikuwa ameniomba: "Yaya, niko na kliya mmoja wa Lubumbashi anataka kunitumia makuta, lakini mie sina konti. Apitishe kwako, utoe, unipe. Nitakupa matabishi." Mara ya kwanza zilipita dola 900, akaniachia 30. Mara ya pili 1 200, akaniachia 30 tena. Hizo 1 750 zilikuwa mara ya tatu, na nilikuwa nimeahidiwa 50. Mtu anayelipwa dola 180 kwa mwezi hawezi kukataa kwa urahisi dola 50 za kusimama kwenye mustari nusu saa. Sikuuliza wale wakliya wananunua nini. Ukweli ni kwamba sikutaka kujua.

Walikuwa wananunua gari ambazo hazikuwepo. Mtu alionyeshwa picha kwenye telefone, akalipa, kisha nimero ikazimwa. Yule wa tatu alikwenda kushitaki upesi, na jina aliloona kwenye karatasi yake ya malipo lilikuwa jina langu.

Wengi wanafikiri banki inafunga konti kwa roho mbaya. Hapana. Mashine ya banki inajua mwenendo wako. Konti ya mwalimu inaingiza 180, inatoka kidogo kidogo, mwisho wa mwezi imebaki sifuri. Siku moja inaingia 900 kutoka kwa mtu asiyejulikana, na saa ile ile inatoka yote. Halafu 1 200, vile vile. Feza inayopita tu, haikai, ni alama wanayofundishwa kuitafuta. Kuna alama nyingine: karte ya kitambulisho iliyopitwa na wakati, jina la konti lisilolingana na jina la karte, watu wengi tofauti wanaotuma kwako bila sababu inayoonekana.

Na mabanki ya kwetu yana sababu ya kuwa wakali. Oktoba 2022, GAFI, shirika la kimataifa linalofuatilia feza chafu, liliweka Kongo kwenye liste yake ya kijivu, pamoja na Tanzania na Msumbiji. Tarehe 27 Desemba mwaka ule ule, nchi ikatoa sheria mpya nimero 22/068 juu ya kupiga vita usafishaji wa feza chafu. Banki ikiona operesheni yenye mashaka, inapaswa kuijulisha CENAREF, ofisi ya taifa inayopokea ripoti hizo, inazichunguza, na ikiona sababu inapeleka dosie kwa parke. Kuna kitu kimoja ambacho kingeniokoa hasira nyingi kama ningekijua: mfanyakazi wa banki amekatazwa kumwambia mteja kwamba ripoti imetumwa juu yake. Kwa hiyo shefu anaponyamaza, mara nyingi si dharau. Ukimpigia kelele unapoteza nguvu zako bule.

Basi ukiambiwa konti imefungwa, jambo la kwanza ni kujua imefungwa na nani. Ziko namna tatu, na kila moja ina mlango wake wa kutokea.

Namna ya kwanza ni banki yenyewe. Imefunga kwa uangalifu: dosie yako haijakamilika, karte imepitwa na wakati, au kuna mwendo wa feza ambao inataka uueleze. Hapa unaongea na banki moja kwa moja, na karatasi zako ndizo zinafungua.

Namna ya pili ni amri kutoka parke, au kutoka kwa CENAREF. Hapa banki haina uwezo wa kufungua hata kama shefu ni mujomba wako. Unafuata dosie kule iliko.

Namna ya tatu haihusu wizi hata kidogo: ni mdai. Mtu unayemdaiwa amekwenda kwa hakimu, na hisie ameleta karatasi ya kukamata feza. Hapo unapaswa kupewa hati, na unaweza kuipinga mbele ya tribinali. Usiikalie, sababu siku za kupinga zinahesabiwa.

Shefu anaweza kukataa kukueleza sababu, lakini muulize maswali ambayo anaweza kuyajibu. Je, ni uamuzi wa banki au ni amri ya nje? Ni konti nzima imefungwa, au ni kiasi fulani tu? Mshahara ukiingia mwezi ujao, utafungwa nao? Munahitaji karatasi gani kutoka kwangu? Mie siku ya kwanza sikuuliza hata moja. Nililalamika tu, nikaondoka. Nilirudi Jumatatu ndipo nikayauliza, na nikajibiwa: ni banki imefunga, ni konti nzima, mshahara utakaoingia utafungwa nao, nilete maelezo ya kila feza iliyoingia kwa miezi mitatu.

Siku ile ya Jumatatu, mbele ya banki, nilikwenda kwanza Kikula kumwona mama wa unga. Nilikuwa nimetunga uongo njia nzima: mashine imeharibika, courant imekatika. Nikamwangalia pale kwenye meza yake, nikashindwa. Nikamwambia yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mutoto yangu, ile magunia mie nilishaahidi batu." Basi. Hakuongeza neno. Ningeona afadhali anitukane.

Jioni ile kamarade alinipigia simu. Alikuwa na dawa tayari: atanitengenezea fakture kwamba nimeuza vipande vya gari, na kihuri juu yake. "Unapeleka hii, wanafungua, unatoa makuta, tunagawana." Nikapokea ile fakture kwenye telefone. Nakiri: usiku mzima niliifikiria. Yaya yangu, dada mkubwa, ndiye aliyeniambia asubuhi: "Leo bado uko mtu aliyedanganywa. Ukipeleka hiyo karatasi, utakuwa mwizi na mwenyewe umetia siniature." Niliihifadhi fakture ile, lakini kama ushahidi.

Halafu niliandika barua. Sikilizeni hapa, sababu wengi wanakwenda banki mara kumi na hawaachi hata mstari mmoja wa maandishi. Andika barua fupi: jina, nimero ya konti, siku uliyojua imefungwa, maelezo ya kila feza, na unachoomba. Toa nakala mbili. Moja wanabaki nayo, moja wanakupigia kihuri cha kupokea na tarehe, unarudi nayo nyumbani. Bila kihuri kile, kesho hakuna atakayekumbuka kwamba ulikuja.

Mie niliambatanisha nakala ya karte, hati ya makao kutoka ofisi ya kata, karatasi ya mshahara kutoka shule, meseji zote za kamarade tangu mwanzo, ile fakture ya uongo pamoja na maelezo kwamba ni ya uongo, na daftari la likelemba. Niliandika wazi kwamba dola 1 750 si zangu, na siziombi. Niliomba 180 na 600 tu.

Daftari njo lilitaka kuniangusha. Nilikuwa naandika majina na kiasi, lakini watu hawakuwa wanatia siniature. Kwa banki, daftari la namna ile ni maneno yangu mwenyewe. Ndipo yule mama wa unga alipokusanya wengine. Watu tisa kati ya wale kumi na mmoja walikuja ajanse na karte zao, wakakaa kwenye viti vya kungojea toka saa tatu mpaka saa sita, wakatia siniature mmoja mmoja kwenye karatasi inayosema feza ni zao. Nilisimama pale nikitafuta mahali pa kuficha uso.

Wiki ya tatu niliitwa parke. Ukiitwa, nenda. Kukimbia ni kujishitaki. Lakini usiende peke yako kama unaweza kupata avoka. Kama huna feza, ulizia ofisi ya mashauri ya bure, mabaro yanayo kwa ajili ya wasio na uwezo. Maelezo yako yakiandikwa, soma yote polepole mbele ya kutia siniature, na usipoelewa neno la Kifransa uliza, hata kama una lisansi. Mie nilisema kila kitu, pamoja na matabishi. Dola 60 nilizokuwa nimekula kwenye mara mbili za kwanza, nilizirudisha. Hakimu aliniuliza swali moja ambalo sijalisahau: "Mtu akikulipa kwa kupitisha tu makuta, wewe ulifikiri analipia nini?" Sikuwa na jibu.

Wakati wa kungoja una hatari zake. Jihadhari na mtu atakayekuambia ana ndugu Kinshasa anayeweza kufungua konti kwa dola 100. Mie walikuja wawili. Huo ni wizi wa pili juu ya wa kwanza. Mtu anayepiga simu akisema ni wa banki na anataka kode yako ya siri, kata. Omba kazini wakulipe mkononi au kwa njia nyingine kwa muda, kwa karatasi. Waone wenye kukudai mbele hawajakutafuta. Na usianze kutumia M-Pesa au Airtel Money ya mtu mwingine kama konti yako mpya, utamwingiza naye kwenye dosie. Banki ikinyamaza wiki nyingi, andika kwa makao makuu yake, ukiambatanisha nakala ya barua yenye kihuri. Wakinyamaza nao, Banki Kuu ya Kongo ndiyo inayosimamia mabanki yote, unaweza kuiandikia.

Konti yangu ilifunguliwa baada ya wiki sita na siku mbili. Dola 1 750 zilirudi kwa mwenyewe. Wale wawili wa kwanza, sijui kama walipata kitu. Kamarade hajaonekana Likasi tena. Mama wa unga alipata 600 zake, lakini magunia yalikuwa yamekwisha kupanda bei, na alikuwa amekopa kwa riba ili asivunje ahadi yake. Riba ile niliilipa mie, kidogo kidogo, mpaka Desemba. Utunza feza nilinyang'anywa, na ni haki. Likelemba sasa ina konti yake, watu watatu wanatia siniature, na daftari lina siniature ya kila mtu kila mwezi.

Wadogo zangu, mara nyingi tunafundishwa kuogopa kuibiwa. Mie hapa hawakuniibia hata franka moja. Walichotumia ni jina langu, sababu lilikuwa safi. Kijana aliyemaliza, mwenye konti na bila feza, ndiye wanayemtafuta. Atakuja rafiki, tena rafiki wa kweli mliyekula naye fufu, akuombe "apitishe tu". Mjibu kwa upole: muende pamoja banki, umsaidie afungue konti yake mwenyewe. Akikataa, umekwisha kujua.

Mpelekeeni huyu aliyepata kazi yake ya kwanza mwezi huu, mbele hajapata rafiki wa namna ile.