Udongo Usafishao Rangi ya Gari

Gari lililooshwa kwa maji na sabuni, likafutwa likakauka, hata mwenyewe akauona uso wake katika boneti, aghalabu hudhaniwa kuwa limetakata. Lakini mwenye kutaka kuhakikisha na autie mkono wake ndani ya mfuko mwembamba wa mkate (kwani ile mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019), kisha aupitishe polepole juu ya bodi, naye atahisi vidoleni punje tele ambazo jicho halikuziona wala sabuni haikuzing'oa.

Punje hizo zina asili nyingi. Breki zikisuguana hutoa vumbi la chuma, na magurudumu ya treni juu ya reli hutoa kadhalika. Vumbi hilo, aghalabu lingali na moto, hutua juu ya rangi likajichimbia, na baadaye, kwa unyevu na chumvi ya hewa ya pwani, hushika kutu, likadhihiri juu ya gari jeupe kwa vidoa vya rangi ya chungwa. Mna pia utomvu wa miti, lami ya barabarani, na rasharasha za rangi zipeperukazo kutoka karakana ya jirani.

Rasharasha hizo ndizo zilizowashughulisha mafundi wa Japani, wakaanza kutumia donge laini lenye kunata. Na Mjapani Tadao Kodate akapata hataza ya donge la namna hiyo Marekani mwaka 1995. Huitwa udongo, ila si wa mfinyanzi: ni utomvu wa kiwandani uliokandwa pamoja na unga mwororo wenye kukwaruza kidogo sana. Nasi, ambao wengi wetu twaendesha magari yaliyokwisha kutumika huko huko Japani, tumeyapokea magari, na maarifa haya tumeyaacha bandarini.

Kazi yenyewe yataka kivuli na subira. Gari huoshwa kwanza, likaachwa mpaka bodi ipoe, maana juani maji hukauka kabla mkono haujapita; kisha fundi hukata kipande cha udongo, akakikanda mpaka kikawa bapa, akanyunyiza maji ya sabuni kwa wingi mahali padogo, na kukipitisha huku na huko kwa mistari iliyonyoka, pasipo kukandamiza. Hapo mwanzo udongo hukwama na kukwaruza kwa sauti. Punje zikiisha kunaswa, sauti hukoma na mkono huteleza. Ndipo hukitazama kipande, akaona weusi uliotoka katika gari lililodhaniwa safi, akakikunja ili upande safi uje juu, akaendelea. Falau kikianguka chini, hata sakafuni palipofagiwa, na kitupwe bila ya huruma, kwa kuwa mchanga ulionaswa humo utaichora rangi yote iliyobaki.

Mafundi wetu wengi, gari likionekana limefifia, huikimbilia mashine ya polishi, nami naona hilo ni kosa, kwa kuwa mashine hula vanishi, na vanishi ya gari kwa kawaida haifiki unene wa karatasi. Isitoshe, ikipita juu ya punje zisizotolewa, huziburura. Udongo hung'oa kilichokaa juu tu. Kwa sababu hiyo hauondoi michirizo, na juu ya gari jeusi waweza hata kuacha alama hafifu zitakazohitaji polishi nyepesi. Baada yake ni lazima kupaka nta, madhali rangi imebaki tupu bila ya kinga.

Mara moja au mbili kwa mwaka yatosha. Na gari ambalo vanishi yake imekwisha kubabuka kwa jua, msomaji, usilisumbue kwa udongo: lipeleke kwa fundi wa rangi.