Mwadui: Mji uliozaliwa na almasi una somo kwa kila mzazi

Mtoto wa Shinyanga akitajiwa Mwadui, huenda akakumbuka almasi, au timu ya mpira iliyowahi kucheza Ligi Kuu. Lakini Mwadui ni mji pia, uliopo wilayani Kishapu, na historia yake inafaa kusimuliwa nyumbani baada ya chakula cha jioni.

Ulianza na mtu mmoja. Dk John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Canada, alizunguka Tanganyika kwa miaka kadhaa akitafuta almasi. Mwaka 1940 aliipata Mwadui. Masimulizi ya wenyeji husema ilikuwa chini ya mbuyu. Ardhini kulikuwa na mwamba wa kimbalaiti wenye ukubwa wa hekta 146, sawa na viwanja vya mpira takriban 200. Ni miongoni mwa miamba mikubwa zaidi ya aina hiyo duniani.

Pembeni ya shimo ukaota mji: nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali na kiwanja cha ndege, vyote ndani ya uzio. Mtoto aliyezaliwa humo alikuta maji, umeme, dawa na darasa, na vyote vilitoka kwa mwajiri wa baba yake.

Jiwe lililoutangaza mji huo lilipatikana mwaka 1947. Ilikuwa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, karibu gramu 11, uzito usiofika vijiko vitatu vidogo vya sukari. Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa mwaka huo. Ilipokatwa ikabaki na karati 23.6, na baadaye ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Jiwe likaenda London, shimo likabaki Shinyanga.

Williamson alifariki mwaka 1958. Mgodi ukanunuliwa kwa ubia kati ya serikali na kampuni ya De Beers, na tangu hapo umebadilisha mikono zaidi ya mara moja. Kila mabadiliko yalizua maswali yaleyale majumbani: nani atabaki kazini, nani atafungasha?

Mwaka 2020, soko la almasi lilipoporomoka wakati wa ugonjwa wa korona, uzalishaji ulisimama hadi mwaka uliofuata. Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, na tope likafunika mashamba na kufikia makazi ya vijiji jirani. Familia ambazo hazikuwahi kuishi ndani ya uzio nazo zikajikuta zinabeba mzigo wa mgodi.

Mwadui haiko peke yake. Mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulifungwa miaka ya 1960, na uchimbaji mkubwa ukarejea mwaka 2000. Katikati hapo, mtoto aliyezaliwa mgodi ukifungwa alikuwa ameshakuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Hapo ndipo lilipo somo kwa wazazi wa Kahama, Geita na kwingineko kwenye migodi. Nyumba ya kazi hurudi kwa mwenye kazi. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao: shamba la kijijini lisiuzwe kwa sababu mshahara wa mgodini ni mzuri mwaka huu. Mshahara ukiingia, sehemu yake igeuke kiwanja chenye jina la familia, mifugo, au ada ya fundi na chuo ambayo mtoto ataondoka nayo popote.

Mweleze pia mtoto ukweli wa kazi yako. Akiuliza, "Baba, mgodi ukifungwa tutaenda wapi?" asinyamazishwe. Mkae, mama na baba mkiwepo, mumwonyeshe mlichojiwekea. Kama hakijapatikana, basi mtoto ameuliza kwa wakati wake.